Mkate wa kumi na tatu ulikuwa wa nani?

Swali la msomaji: "Ninaoka skonzi nyumbani na kuzipeleka kwenye maduka ya mtaani. Wenye maduka wawili wanataka niwape 13 kwa bei ya dazeni. Wanasema ni sheria ya waokaji tangu enzi za Wazungu wa kale, kwamba mwokaji aliyepunja alikatwa mkono, ndiyo maana ikawa lazima kuongeza mmoja. Je, ni kweli? Na kwa nini vitu vinauzwa kwa 12 wakati vidole vyetu ni 10?"

Tuanze na hilo la sheria, maana ndilo linalokugharimu. Sheria ya Uingereza ambayo hadithi hiyo inaitegemea haikumtaka mwokaji atoe mkate wa 13. Ilipanga uzito wa mkate, na ilikuwa kali kweli. Pembeni yake kulikuwa na desturi ya London ya kumpa mchuuzi mikate 13 kwa bei ya 12. Ni mambo mawili yaliyoishi katika mji mmoja kwa karne kadhaa, na baadaye watu wakayafunga kwa kamba moja: eti waokaji waliogopa adhabu, basi wakaongeza mkate ili wajikinge. Hadithi hiyo inasimulika vizuri, lakini ukiipigia hesabu inavuja. Wenye maduka wako wanaomba kamisheni, na kamisheni hujadiliwa kama bei nyingine yoyote.

Sheria yenyewe kwa kawaida hutajwa kuwa ya mwaka 1266, enzi za Mfalme Henry III, na ilihusu mkate na pombe ya shayiri. Sisi tumezoea mkate wa uzito uleule ambao bei yake hupanda. Wao walikwenda kinyume: bei ilikaa palepale, uzito ndio uliopanda na kushuka. Mkate wa robo peni (peni ni sarafu ndogo ya Kiingereza) ulibaki wa robo peni mwaka wa neema na mwaka wa njaa, ila ukubwa wake ulifuata bei ya ngano sokoni.

Ngano ikiuzwa peni 12 kwa busheli 8 (busheli ni kipimo cha zamani cha ujazo wa nafaka), mkate mweupe wa robo peni ulitakiwa uwe na uzito wa pauni 6 na shilingi 16. Usishangae kukuta shilingi kwenye mizani. Pauni ilikuwa uzito wa kupimia madini ya fedha, wa karibu gramu 350, ikagawanywa shilingi 20, na kila shilingi peni 12. Kwa hiyo mkate huo ulikuwa wa karibu kilo 2.4. Ngano ikifika peni 18, mkate unashuka hadi pauni 4, shilingi 10 na peni 8, kama kilo 1.6 hivi. Ikifika peni 24, ni pauni 3 na shilingi 8, nusu kamili ya ule wa kwanza. Kwa kanuni hiyohiyo, ngano ya peni 60 inakuachia mkate wa kama gramu 476. Zidisha bei ya ngano kwa uzito wa mkate katika kila mfano hapa, jibu ni lilelile.

Mwokaji naye alipangiwa pato lake. Kwa kila busheli 8 za ngano aliruhusiwa kubaki na peni 4, pumba, na mikate 2 ya faida. Kisha gharama zikatajwa moja moja: peni 2 za kuni, nusu peni ya chumvi, robo peni ya mshumaa, na kadhalika. Hiyo mikate 2 iliyoandikwa ndani ya sheria ilikuwa ya mwokaji mwenyewe, si ya mteja. Ukisikia mtu anasema sheria ya kale ilitaja mkate wa ziada, mwambie ndiyo, lakini ulikwenda upande wako.

Adhabu sasa. Upungufu mdogo ulilipiwa faini. Ukizidi kiwango, mwokaji alifungwa kwenye mkatale wa shingo na mikono, hadharani. London ilikuwa na ngazi zake, zilizoandikwa katika kitabu cha desturi za mji kilichokusanywa mwaka 1419. Kosa la kwanza, mwokaji alilazwa juu ya kitanda cha fito na kukokotwa katika mitaa yenye watu wengi na tope jingi, mkate wenye kasoro ukining'inia shingoni. Kosa la pili, aliburutwa vilevile, kisha akakaa saa moja kwenye mkatale. Kosa la tatu, tanuri lake lilibomolewa na yeye akaapishwa kuiacha kazi hiyo mjini. Mkono haumo katika ngazi hizo.

Wajanja hawakukosekana. Mwaka 1327 waokaji kadhaa wa London walikamatwa kwa kuweka tundu kwenye meza ya kukatia madonge. Wateja waliokuwa wakipeleka unga wao uliokandwa ili uokwe waliuweka mezani, na mtu aliyejificha chini akawa anachomoa vipande kupitia tundu. Waliokutwa na unga chini ya meza walifungwa mkatale na madonge shingoni. Mkate wa 13 usingewasaidia hao.

Sasa hesabu. Mikate 13 ikiwa na uzito wa mikate 12 halali, kila mmoja umepungua kwa 1/13, yaani asilimia 7.7. Wasimulizi wanasema hapo ndipo ilipo kinga: hata kila mkate ukipungua hivyo, dazeni nzima bado inatimia. Lakini wakaguzi walipima mkate mmoja mmoja dhidi ya uzito wa siku hiyo. Mwokaji ambaye kila mkate wake umepungua kwa asilimia 7 alikuwa na makosa 13 badala ya 12. Tena mteja wa kawaida alinunua mkate mmoja au miwili kwa siku. Kinga inayomfikia mnunuzi wa dazeni peke yake haimkingi mwokaji na yule mama wa nyumba ya jirani mwenye mzani wake.

Nani basi alinunua kwa dazeni? Wachuuzi, na huko London wengi wao walikuwa wanawake waliopitisha mikate mlango kwa mlango. Hapa ndipo bei isiyobadilika inapoleta shida ya pekee. Mkate wa peni moja ni wa peni moja tanuruni na ni wa peni moja mlangoni kwa mteja. Mchuuzi haruhusiwi kuongeza kitu juu yake. Atakula nini? Njia ni mbili tu: mwokaji ampe fedha kidogo pembeni, au ampe mikate mingi kuliko aliyoilipia. Kanuni za London zinaonyesha njia zote mbili zilitumika, na wakuu wa mji walichagua moja. Waliwakataza waokaji kuwapa wachuuzi peni 6 za kufungulia biashara Jumatatu asubuhi na peni 3 za heshima siku ya Ijumaa, wakawaagiza warudi kwenye desturi ya zamani ya kutoa mikate 13 kwa 12.

Tazama jinsi hesabu inavyokaa. Mikate 12 ya peni moja ni shilingi moja kamili. Mchuuzi anatoa shilingi, anapewa mikate 13, anakusanya peni 13. Faida yake ni peni moja kwa kila shilingi aliyozungusha, bila kuandika chochote na bila kuvunja bei iliyowekwa. Ndiyo maana mkate ulihesabiwa kwa dazeni huko: dazeni ilikuwa shilingi ya mikate.

Ushahidi mwingine naupenda kuliko huo. Wachapishaji wa Uingereza katika karne ya 19 waliwauzia wenye maduka ya vitabu nakala 13 kwa bei ya 12. Hakuna aliyewahi kufungwa mkatale kwa kitabu chenye uzito pungufu. Ni punguzo la jumla linalotolewa kwa bidhaa badala ya fedha, basi.

Kuna maelezo mengine yanayozunguka, kwamba vitu vya duara 13 hukaa vizuri kwenye trei kwa safu za 4, 5 na 4. Hukaa kweli. Lakini mikate ya wakati ule ilitandazwa moja kwa moja kwenye sakafu ya tanuri kwa pauro la mti. Hakukuwa na trei ya kujaza. Jina lenyewe, dazeni ya mwokaji, linaonekana katika maandishi ya Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16, wakati desturi ilikuwa na umri wa kutosha kufanyiwa mzaha. Warusi wanaiita 13 dazeni ya shetani, na hilo halihusiani na mkate hata kidogo. Sheria ya uzito yenyewe ilifutwa London mwanzoni mwa karne ya 19, na kwingine Uingereza mwaka 1836. Tangu hapo mwokaji aliweka bei yake, mradi mkate uuzwe kwa mizani.

Swali lako la pili ni pana zaidi. Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa: kuhesabu na kugawa. Karibu kila lugha unayoijua huhesabu kwa kumi, na vidole ndiyo sababu. Dazeni haikuwahi kuiondoa kumi kwenye kuhesabu. Mtu anayenunua kalamu kwa dazeni bado anasema dazeni kumi, dazeni mia. Namba 12 ilipendwa na watu wanaokata, wanaofungasha na wanaogawana.

Roma ni mfano safi. Namba zao zilikwenda kwa kumi, mia, elfu. Sehemu zao zilikwenda kwa kumi na mbili: kizima kiligawanywa katika uncia 12, kiwe ratili, futi, urithi au riba. Wakia na inchi za Waingereza zote mbili zinatoka kwenye uncia hiyo, moja ya uzito na nyingine ya urefu, na futi ya fundi seremala wako bado ina inchi 12. Kumi inagawanyika kwa 2 na 5. Kumi na mbili inagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6. Nusu, theluthi, robo na sudusi zote zinatoka bila kuvunja kitu, na hizo ndizo sehemu ambazo watu hugawana kila siku. Sehemu ya tano huhitajiwa mara chache sana. Theluthi ya skonzi 10 ni ugomvi. Theluthi ya skonzi 12 ni 4.

Fedha za Ulaya zilifuata njia hiyo. Mwishoni mwa karne ya 8 Karoli Mkuu, mfalme wa Wafranki, aliagiza pauni moja ya fedha itoe sarafu 240, yaani shilingi 20 za peni 12. Namba 240 ina vigawanyo 20. Mia moja ina 9. Kabla ya kalamu na karatasi kuwa rahisi, hilo lilikuwa jambo kubwa kwa mtu wa sokoni. Waingereza walibaki na peni 12 kwa shilingi hadi tarehe 15 Februari 1971.

Halafu kuna boksi. Chukua vitu 12 vyenye umbo la mchemraba wa upande mmoja sawa, vipange 2 kwa 2 kwa 3: nje ya boksi kuna nyuso 32. Chukua vitu 10, mpangilio bora kabisa ni 1 kwa 2 kwa 5, na nje kuna nyuso 34. Yaani boksi la vitu 12 linakula kadibodi kidogo kuliko boksi la vitu 10. Mambo ya namna hii ndiyo yanayofanya kreti ya soda iwe na chupa 24, safu 4 za 6, na trei ya mayai iwe na 30, safu 5 za 6. Trei ni dazeni mbili na nusu, ukitaka kuiona hivyo. Viwandani mnyororo uliendelea: dazeni 12 ni grosi, vitu 144, na grosi 12 ni vitu 1,728. Vifungo, skrubu na penseli zilisafiri duniani kwa hesabu hiyo.

Heshima ya 12 ina mizizi angani pia. Mwezi mwandamo hujirudia mara 12 katika siku 354, karibu na mwaka wa jua lakini pungufu ya siku 11, ndiyo maana Ramadhani husogea kila mwaka. Wamisri wa kama mwaka 2100 kabla ya Kristo walichora ndani ya vifuniko vya majeneza jedwali za nyota zenye safu 12 za usiku. Mchana nao ukapewa sehemu 12, na saa hizo zikaenea hadi kwa Wagiriki, Warumi na Waarabu. Zilihesabiwa tangu jua kuchomoza, kama unavyofanya wewe unaposema saa moja asubuhi. Ulaya ya kaskazini saa hizo zilisumbua, kwa sababu saa ya kiangazi ilikuwa ndefu kuliko ya baridi. Kwetu, karibu na Ikweta, tofauti kati ya siku ndefu na fupi kabisa haifiki hata saa moja, kwa hiyo mfumo unakaa vizuri kuliko ulipozaliwa. Wafaransa walijaribu kuugeuza mwaka 1793 kwa siku ya saa 10 na kila saa dakika 100. Mwaka 1795 waliachana nao.

Nije kwenye vidole, maana utakutana na maelezo haya kila mahali. Gusa kwa kidole gumba pingili za vidole vinne vya mkono huohuo: pingili 3 mara vidole 4 ni 12. Kwa kila 12, kunja kidole kimoja cha mkono wa pili. Vidole 5 vikiisha umefika 60. Njia hii ipo kweli, kuanzia Iraq na Iran hadi India, na yeyote anayehesabu uradi kwa pingili baada ya swala anajua jinsi inavyoshika kumbukumbu. Tatizo ni pale inaposemwa kwamba Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa Iraq waliohesabu kwa 60, walipata 60 yao hivyo. Wasumeri waliandika tarakimu kwa alama za 1, 10, 60, 600 na 3,600. Hakuna alama ya 12. Maneno yao ya 7 na 9 yameundwa kwa 5 na 2, na 5 na 4. Watu waliohesabu kwa pingili wangeacha angalau nyayo za 12 katika lugha yao, na pale hazionekani. Mimi naiweka kando kama chanzo, ingawa kama njia ya kuhesabu mzigo bila karatasi ni nzuri na ningekushauri uijaribu unapopokea trei.

Wapo watu wanaohesabu kwa 12 kikamilifu, na walio karibu nasi zaidi wako Nigeria ya kati. Wagwandara wa Nimbia wana neno moja la 12, wanasema 13 kama "kumi na mbili na moja", na 144 ina neno lake, kama mia ilivyo na lake kwetu. Lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kihausa, ambacho huhesabu kwa kumi. Nimbia wenyewe waligeukia 12, kama majirani zao kadhaa wa nyanda za juu za eneo hilo. Visiwa vya Maldivi navyo vilikuwa na hesabu ya zamani ya 12, 24, 36 na kuendelea. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Maldivi miaka kumi na kitu baadaye na kuandika kwamba kauri zilizotumika kama fedha zilihesabiwa kwa mafungu, mojawapo likiwa la kauri 12,000.

Pwani yetu haikuwa ya dazeni. Biashara ya Bahari ya Hindi ilileta korija, fungu la 20, iliyotumika hasa kwa nguo. Rupia ilikuja na anna 16 na pesa 64, yaani kugawa nusu kwa nusu. Wajerumani waliiacha pesa 64 na kuingia heller 100 mwaka 1904. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza mwaka 1921 ilichukua jina la Kiingereza lakini ikapewa senti 100, nusu karne kabla Waingereza wenyewe hawajaachana na peni 12. Dazeni kwetu ni mgeni aliyekuja na maboksi ya madukani: sahani, vikombe, madaftari, penseli. Kwa hiyo mwenye duka anapokuambia ni desturi ya tangu enzi, enzi hizo si za huku.

Nirudi kwenye skonzi zako, na nitumie bei ya mfano: unauza shilingi 200 moja, na kila moja inakugharimu 130 kwa unga, sukari, mafuta, mkaa na mfuko.

Dazeni ya kawaida inakuingizia 2,400, gharama 1,560, unabaki na 840. Ukitoa 13, gharama inakuwa 1,690 na unabaki na 710. Umepoteza 130, kama asilimia 15 ya faida yako, ingawa kwa mdomo umetoa "moja tu". Kwa upande wa duka, skonzi 13 zinauzwa 2,600, faida ni 200 juu ya 2,400, asilimia 8.3. Sasa linganisha na kumpunguzia 200 taslimu: wewe ungebaki na 640. Kitu kilekile chenye thamani ya 200 kwake kinakugharimu wewe 130 ukikitoa kwa skonzi, na 200 ukikitoa kwa fedha. Waokaji wa London hawakuwa wajinga. Akikuomba kupunguziwa, mpe skonzi.

Ila hesabu hiyo ina masharti mawili. Tanuri lako lisiwe limejaa: kama skonzi unayoitoa ungeiuza kwa mteja mwingine siku hiyohiyo, gharama yake halisi ni 200. Na duka liwe linamaliza mzigo: skonzi ya 13 inayolala hadi kesho haimpi mwenye duka chochote, na kesho atakuomba bei ishuke.

Kama huwezi kumudu 1 kwa 12, uwiano unabadilika kwa urahisi. Moja kwa kila 20 ni punguzo la asilimia 4.8 kwako. Moja kwa kila 10 ni asilimia 9.1. Mimi ningeanza na moja kwa kila 24, asilimia 4, na kuipa 13 kwa 12 duka linalochukua dazeni 5 kwenda juu na kulipa siku hiyohiyo.

Jambo linaloharibu kazi za wengi ni kukanda unga wa skonzi 60 halafu kukata 65. Tuseme unataka skonzi ya gramu 60 ikiwa imeokwa na kupoa, na tanuri lako linapunguza uzito kwa asilimia 12. Gawa 60 kwa 0.88: donge liwe gramu 68. Kwa skonzi 60 unahitaji mkando wa gramu 4,080. Kwa 65, gramu 4,420. Kama kwa kila unga 100 unatia maji 55, sukari 10, mafuta 8, hamira 1.5 na chumvi 1.5, jumla ni 176, basi unga wa kwanza ni kilo 2.32 na wa pili kilo 2.51. Tofauti ni chini ya gramu 200 za unga. Ukijaribu kuikwepa kwa kugawa mkando wa 60 kuwa madonge 65, kila donge linakuwa gramu 63 na skonzi inatoka na gramu 55. Hapo umeirudisha ile asilimia 7.7 kwa mlango wa nyuma, na mteja wa mwisho ndiye anayelipia zawadi ya mwenye duka. Kama mfuko wako una uzito ulioandikwa, ni kosa pia mbele ya Wakala wa Vipimo.

Asilimia 12 ni makisio. Pima ya kwako. Pima madonge 12 kwa pamoja mara baada ya kukata, yaoke, yaache yapoe saa moja kwenye wavu, pima tena. Tofauti igawe kwa uzito wa madonge. Usipime zikiwa za moto kwa sababu mvuke bado unatoka na jibu litakudanganya. Pima trei ya pembeni mwa tanuri kando na ya katikati, kwani za pembeni hukauka zaidi. Skonzi zilizobanana kwenye trei, 3 kwa 4, hupoteza maji kidogo kuliko zilizoachana, maana mbavu zake hazioni moto.

Mwisho, hati ya kupeleka mzigo. Andika "12 + 1", usiandike 13, na wala usiandike dazeni tu. Ugomvi hutokea siku ya mabaki. Duka limechukua 13 kwa 2,400, limerudisha 3, linadai 600. Bei ya kila skonzi kwenye mzigo huo ni 2,400 gawa kwa 13, yaani shilingi 185. Unachorudisha kwa skonzi 3 ni 555. Au kubalianeni mapema kwamba ile ya nyongeza ndiyo ya kwanza kuhesabiwa kwenye mabaki, kwa hiyo mbili tu ndizo zinazorudishiwa fedha, shilingi 400. Chagua moja, iandike kwenye hati, na itumie kwa maduka yote mawili.